Tunavyowatembeza waliopata kiharusi kwenye makumbusho ya Bujora

Kikundi chetu ni cha watu waliopata kiharusi na sisi tunaowauguza. Tunakutana Mwanza mjini, na kila baada ya miezi kadhaa tunatoka kutembea, maana mgonjwa akishinda kitandani mwaka mzima anaona dunia imemsahau. Pale tunapopapenda zaidi ni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Unashika barabara ya Musoma hadi Kisesa, halafu unaingia ndani. Ni kama kilomita 20 tu. Mume wangu ni mmoja wa wagonjwa, kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na haya nimejifunza nikiwa ubavuni mwake.

Kwanza, nenda peke yako siku chache kabla. Tembea njia yote kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote. Angalia choo kiko wapi na kina kizingiti cha namna gani, ngazi ziko wapi, kivuli kinaangukia upande gani saa nne asubuhi. Ongea na mwongozaji, umwombe aeleze polepole na asimkatize mtu anayetafuta neno. Sisi huchagua siku ya katikati ya wiki. Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita ambapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana, ni nzuri mno, lakini mwenye mguu usio na nguvu hawezi kusukumana na umati ule.

Wakumbushe wote kumeza dawa za presha asubuhi kama kawaida. Wengi siku ya safari huruka kidonge kile kinachokojosha, wakiogopa kuaibika njiani. Afadhali Hiace isimame mara tatu. Kodini gari zima, msipande la abiria, ili hata mtu akitumia dakika tano kupanda asiwepo wa kumfokea.

Sasa kutembea kwenyewe. Kaa upande wake dhaifu, nyuma kidogo, na mkongojo ushikwe na mkono mzima. Usimvute kwa mkono uliopooza hata siku moja, kwa kuwa bega lake ni rahisi kuteguka na maumivu yake ni ya miezi. Kwenye ngazi, akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize ule dhaifu. Kiti cha magurudumu kwenye mteremko mkali kishushwe kinyumenyume. Tunabeba viti vinne vya plastiki, na vijana wetu wanatangulia kuvipanga penye kivuli.

Safari ya kwanza tulitaka kuona kila kitu: kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, nyumba ya mganga, ya mhunzi, banda la watemi. Kufikia saa sita mama mmoja alikuwa analia kwa uchovu, na nilijilaumu sana. Uchovu wa kiharusi si uvivu. Humwangusha mtu ghafla kama taa iliyozimwa. Siku hizi tunachagua vituo vitatu, basi.

Cha kwanza ni ngoma. Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, ndiye aliyeanza kukusanya vitu hivi hapa miaka ya 1950, na ngoma za watemi zilizohifadhiwa utaziona zimepangwa, nyingine kubwa kuliko mtoto. Waache wakae mbele yake, wasiharakishwe.

Kituo ninachokipenda mimi ni pale panapoonyeshwa namna marika ya Wasukuma yalivyokuwa yakihesabu moja hadi kumi, kila rika kwa maneno yake. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu usemi, kikamwachia hesabu na nyimbo alizozizoea tangu utotoni. Baba mmoja wa kikundi chetu, mzaliwa wa Magu, alikuwa amebakiwa na neno moja tu, "ndiyo". Mwongozaji alipoanza, "Imo, ibili..." yule baba akafunga macho, midomo ikatetemeka, kisha akasema, "Idatu." Mkewe akamshika goti. Tukanyamaza wote. Akaendelea mwenyewe mpaka ikumi, akarudia tena tangu mwanzo. Kwa hiyo hapa usiwe na haraka, na usimmalizie mtu neno lake.

Cha tatu ni chakula chini ya mti. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga ni vya asili yetu, ila kwa anayepaliwa ni hatari. Mpikie uji mzito au ndizi laini, ale akiwa amekaa wima, tonge dogo dogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula.

Uwe na dereva aliye tayari muda wote. Mdomo wa mtu ukipinda upya, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakivurugika, matembezi yamekwisha: angalia saa, uikumbuke, na muwahi hospitali. Usimpe chochote kinywani.

Saa saba tuwe tumeshageuza. Kesho yake usimpangie mtu kliniki wala mazoezi, maana mwili hudai siku hiyo. Mimi huwapigia simu jioni, mmoja mmoja. Nilipompigia mke wa yule baba wa Magu aliniambia, "Dada, ngoja usikilize," akasogeza simu, nikasikia mzee anahesabu.