Kabla hujapeleka jalada la jarida kwa mchapaji

Soma maelekezo ya kazi kwanza. Mwalimu akiandika A4, ni A4 ya wima, milimita 210 kwa 297. Amua jarida ni la nani kabla hujagusa kompyuta. Jina la jarida likae juu kabisa, kwa sababu kwenye vibanda majarida hulaliana na sehemu ya juu ndiyo inayobaki kuonekana. Vichwa vya habari vinne vinatosha, na kila kimoja kiwe na habari yake ndani. Fonti mbili, basi. Tarehe, bei na namba ya toleo usisahau, msahihishaji anazitafuta.

Picha piga mwenyewe, usichukue ya intaneti. Shika kamera wima na uache nafasi juu ya kichwa cha mtu, maana hapo ndipo jina litakapokaa. Mwombe ruhusa na umweleze picha itatokea wapi. Akiwa mtoto, mwombe mzazi.

Sasa hili lisikilize vizuri. Mwaka wangu wa mwisho chuoni Dar es Salaam tulikuwa watano kwenye kundi. Jalada letu lilikuwa mama muuza samaki wa soko la Feri, kapigwa picha alfajiri, kashika samaki aina ya changu kwa mkia, magamba yamemganda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Mwenzetu aliyepiga alikuwa na kamera ya kuazima. Akanitumia picha kwa WhatsApp, kwa kuwa tulitakiwa kukabidhi kesho yake. Kwenye simu iling'aa. Kwenye laptopu niliitazama ikiwa ndogo nikaridhika.

Saa 2 usiku tuko kwa mchapaji Kariakoo, nakala 30, pesa ya kuchangishana. Ya kwanza ilipotoka nilidhani mashine ina hitilafu: macho ya mama yamekuwa ukungu, magamba yamegeuka vijimraba. Fundi akafungua faili akanionyesha, picha ina pikseli, yaani vile vidoa vidogo vinavyoiunda, 1,600 kwa urefu. Jalada la A4 la kuchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi linataka 3,508. WhatsApp ilikuwa imeibana picha ili isafiri haraka. Tukampigia mwenzetu atafute ile halisi. Kadi ya kamera ilishafutwa, kamera ilisharudishwa kwa mwenyewe.

Maksi zilipungua, hilo lilipita. Lakini yule mama tulimwahidi nakala, nikampelekea. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaisogeza kwenye mwanga. "Huyu ni mimi, mwanangu?" Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Kwa hiyo, picha ihamishwe kwa flashi ya USB, au itumwe kama dokumenti, isitumwe kama picha. Ifungue kwa asilimia 100 uangalie kope za macho. Soma idadi ya pikseli kabla hujaweka herufi hata moja. Kadi isifutwe mpaka kazi irudi imesahihishwa.

Yaliyobaki ni ya mezani. Ongeza milimita 3 kila upande, picha ivuke mstari wa kukatia, la sivyo utabaki na uzi mweupe pembeni. Maandishi yasogee ndani, mbali na kisu. Badilisha rangi ziwe CMYK, yaani zile nne za wino wa kuchapia, mapema, kwa sababu bluu kali ya kwenye kioo cha kompyuta hufifia kwenye karatasi. Hifadhi PDF yenye fonti zake ndani. Mpe mtu ambaye hajawahi kuliona jalada alisome kwa sauti, neno kwa neno, hata jina la jarida. Chapa nakala moja tu, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu uitazame, ndipo uagize nyingine.

Beba flashi mbili. Chaji laptopu kabla ya kutoka, umeme hauna ahadi. Usiende siku ya mwisho, foleni ya wanafunzi inakuwa ndefu. Na mchapaji akikwambia njoo kesho, muulize saa ngapi, uchukue na namba yake ya simu.