Chakula cha mchana shuleni: namna ya kuchangishana bila mtoto kubaki akitazama wenzake wakila

Ada za shule za umma Tanzania ziliondolewa, lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ukaacha chakula cha wanafunzi wa shule za kutwa mikononi mwa wazazi. Ubaguzi unapenya hapo. Mtoto wa aliyeleta mahindi anapanga foleni na bakuli lake, wa asiyeleta anaambiwa akacheze, na saa nane wote wawili wanategemewa waelewe hesabu ileile. Mwanafunzi haruhusiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Kumnyima bakuli mbele ya wenzake hakuna tofauti kubwa na kumrudisha.

Anzeni na hesabu kabla ya kuitisha mkutano wowote. Kipimo kinachotosha kwa makande ni gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, hivyo kila mtoto anahitaji kilo 23.3 za mahindi na kilo 5.8 za maharage. Shule ya wanafunzi 400 itakula kilo 48 za mahindi kwa siku, yaani magunia 93 na ushee ya kilo mia kwa mwaka. Ongezeni asilimia 5 ya kupotea: wadudu, kupeta, na kile kinachomwagika.

Sasa ondoeni wasioweza. Tuseme watoto 40 kati ya 400 wanatoka kaya ambazo kweli hazina. Mzigo wao unagawanywa kwa 360 waliobaki, na kila mzazi anatoa kwa kila mtoto kilo 27.2 za mahindi na kilo 6.8 za maharage badala ya 24.4 na 6.1, asilimia 5 ya kupotea ikiwemo. Tofauti haifiki kilo tatu za mahindi, na ni chini ya kilo moja ya maharage. Itajeni mkutanoni hivyohivyo, kwa kilo. Watu hupinga msamaha wakidhani watabebeshwa gunia zima.

Orodha ya wenye msamaha isiandaliwe na mwalimu, wala isisomwe hadharani. Wenyeviti wa vitongoji ndio wanaojua nani analea wajukuu watano peke yake na nani anajificha nyuma ya umaskini. Orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini, ni pa kuanzia tu: kuna kaya masikini zisizomo, na kuna zilizomo ambazo zimeshainuka. Majina yakishapitishwa yabaki kwenye daftari moja kwa mtendaji wa kijiji. Wapishi na watoto hawahitaji kuyajua, na ndiyo maana kadi za chakula na alama kwenye bakuli hazifai kabisa.

Mapatano yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, si kikao cha wazazi peke yake. Kikao cha wazazi hakimgusi asiyehudhuria. Muhtasari utaje kiasi, tarehe ya mwisho, msamaha na nani atashika ghala. Kama mnataka faini kwa mkaidi mwenye uwezo, itungiwe sheria ndogo ipitie halmashauri, na faini imfuate mzazi. Mtoto hahusiki.

Kusanyeni wakati wa mavuno. Kwenye mikoa ya msimu mmoja, kama Dodoma, Singida na Iringa, ni kati ya Juni na Agosti. Kamati nyingi hungoja shule zifunguliwe Januari, wakati ghala la nyumbani limeshapungua na bei imepanda, halafu zinashangaa wazazi wamekuwa wagumu. Pimeni kwa mizani. Debe ni kilo 18 au 20, inategemea nani amelijaza.

Mahindi mabichi yasiingie stoo. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka chumvi kavu vijiko vitatu, jaza mahindi hadi theluthi, funga na utikise dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni yakaanikwe. Yakihifadhiwa na unyevu huo yanaota ukungu na kuleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Dumuzi, mdudu atoboaye nafaka ambaye wengine humwita Scania, atageuza gunia kuwa unga kwa miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa humkomesha, mradi haijatobolewa.

Mlango wa stoo uwe na makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mzazi wa kamati, mwingine kwa mwalimu wa zamu. Asubuhi baada ya mahudhurio kuandikwa, wapishi wapimiwe kwa idadi ya waliofika, si ya walioandikishwa. Salio libandikwe ubaoni kila Ijumaa.

Fedha taslimu ndiyo inayoangusha mipango mingi: posho ya wapishi, chumvi, mafuta. Ijadiliwe siku ileile ya mahindi. Asiye na nafaka wala fedha anaweza kuleta kuni au kufanya kazi jikoni, lakini kuni na maji visibebwe na wanafunzi saa za vipindi, maana wanaotumwa huwa wasichana. Maharage yalowekwe usiku kucha, kuni zitapungua.

Makusanyo yakipungua, kishawishi ni kulisha darasa la saba tu kwa ajili ya mtihani. Msikubali. Punguzeni mlo, msipunguze watoto: uji wa gramu 60 za unga unahitaji kilo 24 kwa siku kwa watoto 400, na saa nne asubuhi unafika hata kwa wa awali, ambao wengi wao hutoka nyumbani bila kutia kitu kinywani. Halafu mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri kupitia mtendaji wa kata, mkiambatanisha muhtasari, leja ya stoo na idadi ya watoto wanaokula kila siku. Barua isiyo na takwimu hizo hukaa tu kwenye faili.