Somo: Gari jipya linasita mlimani na AC haitoi baridi, uanzie wapi?

Habari zenu wanachama. Gari jipya ninalolizungumzia hapa ni lile la wengi wetu: limetoka Japani kabla halijatimiza miaka minane, likashushwa Mombasa, likaendeshwa mpaka Nakuru. Wiki mbili baadaye mwenyewe analileta gereji na malalamiko mawili. Akikanyaga mafuta linasita, na AC inatoa upepo mtupu. Mimi ni fundi wa umeme na AC za magari hapa Nakuru, na nawasihi jambo moja: msiyatibu malalamiko hayo kila moja peke yake kabla ya kuyapima pamoja. Kompresa ya AC, yaani pampu inayosukuma gesi yake, huzungushwa na injini ileile inayosita. Ugonjwa wa mmoja humlemea mwenzake.

Hivi karibuni mama mmoja mwalimu, mkazi wa Njoro, aliniletea kigari cha lita 1.3. Alikuwa ameongezewa gesi mara mbili kwingine, na kila akiongezewa gari lilizidi kuwa zito. Stika chini ya boneti inasema gramu 420. Nilipoitoa gesi yote na kuipima, nilipata zaidi ya gramu 600. Gesi ikizidi, shinikizo upande wa kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, hupanda, kompresa inakuwa ngumu kuzungusha, na injini ndogo ndiyo inayolipa. Baridi nayo hupungua badala ya kuongezeka. Tuliporudisha gramu 420, nusu ya kusita iliondoka bila kugusa injini. Nusu iliyobaki ilikuwa uchafu, nitaufikia.

Hatua ya kwanza: jua lililo la kawaida huku kwetu

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukipanda mpaka Timboroa, juu ya mita 2,700, umepoteza zaidi ya robo. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, gari lilelile linachangamka. Kwa hiyo anayesema "lilikuwa na nguvu Mombasa, likaharibika njiani" huenda hakuharibikiwa na chochote. Injini ya tabo haiumii sana, maana tabo huisukumia hewa.

Angalia pia kama taa ya ECO inawaka kwenye dashibodi. Hali hiyo hupunguza mwitikio wa pedali na kuipunguzia AC kazi, vyote viwili kwa mpigo. Nimeshawahi kumaliza "ugonjwa" kwa kubonyeza kitufe kimoja, na sikutoza hata shilingi.

Hatua ya pili: mlima mmoja, mara mbili

Tafuta mlima usio na malori. Mimi hutumia barabara ya kupandia Menengai. Tafadhali usijaribie Sachangwan katikati ya matrela. Panda AC ikiwa imezimwa, injini ikiwa imeshapata joto. Rudi chini, panda tena AC ikiwa imewashwa, kwa mwendo uleule. Andika ulichosikia.

Kama linasita mara zote mbili sawasawa, shughulikia injini. Kama linasita AC ikiwashwa tu, pima gesi na kompresa kwanza, halafu mlango wa hewa wa injini, ule mafundi huuita throto. Na kama baridi inakatika pale tu unapokanyaga mafuta mpaka chini, usiogope: magari mengi huizima kompresa kwa muda mfupi makusudi ili nguvu yote iende kwenye magurudumu.

Hatua ya tatu: sikiliza aina ya kusita

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea, kwa sababu neno "linasita" linabeba mambo manne tofauti.

Linachelewa kidogo kisha linakwenda laini: mara nyingi ni tabia ya giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, na programu ya gari, si kasoro. Linarukaruka kama mtu mwenye kwikwi, hasa mlimani: plagi, au koili inayoipa plagi umeme. Linaanza vizuri, kisha linaishiwa pumzi kadiri mwendo unavyozidi: pampu au chujio la mafuta. Limesimama kwenye taa, kompresa inanasa (inaanza kuzungushwa), injini inatetemeka kama inayotaka kuzima: throto imejaa masizi. Injini yenye afya inapaswa kujiongezea mizunguko kidogo kompresa inaponasa. Ikishindwa, ndipo inapotetemeka.

Hatua ya nne: anza na vya bei nafuu

Chujio la hewa kwanza. Nakuru inajulikana kwa vumbi, na chujio lililotoka Japani safi linaweza kuwa la rangi ya udongo ndani ya miezi michache. Kisha safisha throto kwa dawa yake na kitambaa laini, usiusukume ule mlango kwa kidole, na baada ya hapo gari lifanyiwe mafunzo upya ya mizunguko ya chini, yaani kompyuta yake ijifunze tena mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, kulingana na maelekezo ya modeli yake. Fundi asipofanya hivyo, gari huweza kutoka likinguruma vibaya kuliko lilivyoingia. Kigari cha mwalimu wetu kiliponea hapa.

Soma makosa kwa kompyuta kabla ya kununua chochote. P0301 maana yake silinda ya kwanza inakosa moto. Hamisha koili yake kwenda silinda ya pili: kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, angalia plagi.

Na petroli je? Lilikuwa jibu la haraka la kila fundi. Tangu Septemba 2018, ulipowekwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili yasichanganywe kwenye petroli na dizeli, mimi siilaumu petroli kwanza. Ila gari lililokaa yadi miezi mingi lina mafuta ya zamani kwenye tangi. Hayo yatoe.

Hatua ya tano: AC hupimwa kwa mizani

Soma stika: ni gesi ya aina gani, R-134a au R-1234yf, na gramu ngapi. Hizi mbili hazichanganywi. Fundi anayetazama geji tu na kusema "gesi imepungua, tuongeze" anabahatisha. Gari likiwa limezimwa, maadamu imebaki gesi iliyo katika hali ya maji ndani, geji itaonyesha shinikizo lilelile kwa gramu 200 au 500, kwa kuwa linafuata joto la siku hiyo. Njia ya haki ni kuitoa yote, kufyonza hewa angalau nusu saa, kufunga na kutazama kama sindano ya geji inarudi, kisha kujaza kwa mizani.

Mafundi wenzangu, vitabu husema mnapofyonza hewa sindano ishuke mpaka inchi 29 za zebaki na zaidi. Hizo ni hesabu za pwani. Nakuru itakwama karibu na inchi 24, Kisumu karibu na 26, hata pampu ikiwa mpya kabisa. Nimeona kijana akinunua pampu nyingine bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Kisumu: Fundi, shikamoo. Yangu inapoa vizuri nikitoka Ahero, nikifika foleni ya Kondele inakuwa joto. Niongeze gesi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usiongeze. Ukienda, upepo wa barabarani unapoza kondensa. Ukisimama, kazi hiyo ni ya feni. Washa AC gari likiwa limesimama, uone kama feni inazunguka. Kama inazunguka, chungulia mbele ya kondensa: kwenu wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu hujaa mle na kukauka. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, ukitokea upande wa injini kwenda nje ikiwezekana. Usikubali mashine ya kuoshea magari, inalaza mapezi, vile vibati vyembamba vya kondensa.

Swali kutoka Kakamega: Nikiwasha AC inanuka kama nguo mbichi, na zulia upande wa abiria limelowa. Ni gesi inavuja?

Jibu: Hapana dada, hayo ni maji. AC hukausha hewa, na maji yake hutoka kwa mpira mdogo chini ya gari. Wako umeziba. Uzibuliwe, kisha ubadilishe chujio la kabini, kwa kawaida liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Mvua za kwenu zinafanya hewa iwe na unyevu mwingi, kwa hiyo dakika chache kabla ya kufika nyumbani zima AC na uache feni ikaushe ndani.

Swali kutoka Nakuru: Yangu ni haibridi. Utaratibu ni huohuo?

Jibu: Mizani ni ileile, kompresa siyo. Yako inaendeshwa kwa umeme mkubwa wa betri, zile nyaya za rangi ya chungwa, usiziguse. Oili yake ni ya POE. Oili ya kawaida ya PAG ikiingia, hata kupitia mipira ya geji iliyotumika kwenye gari jingine, huharibu uzuiaji wa umeme ndani ya kompresa. Muulize fundi anatumia oili gani kabla hajafungua boneti. Akisita kujibu, mshukuru na uondoke.

Swali kutoka Kericho: Mzee, langu ni jipya kabisa, la dukani, lina dhamana. Naweza kusafisha throto mwenyewe?

Jibu: Usiguse. Rekodi kwa simu likisita, andika tarehe, kilomita, na kama AC ilikuwa imewashwa, kisha umpelekee aliyekuuzia barua na ubaki na nakala yenye muhuri. Na omba fundi wao apande gari nawe mlimani. Kwenye uwanja wao tambarare halitasita.