Mtoto mwenye ndoto na mzee mwenye mali: namna ya kuulea urafiki wao

Mitaa mingi ya Pwani ina mzee wa aina hii: nyumba ya ghorofa, maduka ya kupangisha, watoto wote wako ng'ambo, na jioni yuko barazani na redio yake. Mtaa huohuo una mtoto wa miaka 10 anayeuliza kwa nini mtaro haufukuliwi na kwa nini uwanja wa shule hauna hata mti. Wawili hawa hupatana upesi, kwani kila mmoja amekosa mtu wa kumsikiliza. Kinachouharibu urafiki wao mara nyingi si umri, ni pesa na milango iliyofungwa. Mzazi, yashike hayo mawili mapema.

Nenda mwenyewe na mtoto baada ya Alasiri. Shikamoo itoke kwa mtoto kwanza, kisha umwombe mzee: "Babu, mjukuu wako huyu anataka kujifunza bao. Utamfundisha?" Usiongeze ombi jingine. Ukitaja ada ya shule siku hiyohiyo, mzee ataona mtoto ametangulizwa kama chambo, na hatakosea. Panga siku mbili kwa wiki, saa 10 hadi 11:30 jioni, barazani, watu wakipita. Si sebuleni, si ghorofani. Mvua ikinyesha mtoto arudi nyumbani. Utaratibu huo unamlinda mtoto, na unamlinda mzee na midomo ya watu.

Babu na mjukuu hutaniana, na utani huondoa haya. Lakini "mchumba wangu" ya babu wa damu si sawa na ya mzee asiye ndugu. Mwambie mzee wazi, kwa heshima: watanie mpira na ulafi wa kashata, basi. Mtoto akianza kukwepa siku za bao, usimlazimishe. Muulize mkiwa wawili. Ukihitaji msaada, namba 116 hupokea masuala ya watoto Tanzania, Kenya na Uganda, na simu ni bure.

Kwa nini bao? Kwa sababu ubaoni tajiri hana kete ya ziada. Mashimo ni 32 na kete 64. Anzeni na bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Humo mtoto atazoea kusambaza (kudondosha kete moja moja shimo kwa shimo), kula (kuteka kete za mwenzake) na kutakata (kucheza zamu isiyo na kula). Akiweza kuhesabu kwa macho bila kugusa mashimo kwa kidole, hamieni bao la Kiswahili. Kila mchezaji huweka kete 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba, la tano kutoka kushoto kwake katika mstari wa mbele. Kisha 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata kulia. Kete 22 zinabaki akibani, na kila zamu anaingiza moja. Hiyo ndiyo namua, hatua ya kuingiza kete. Akiba zikiisha, mchezo unaingia mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu.

Kosa la wanafunzi wengi liko kwenye kichwa (shimo la mwisho la mstari wa mbele, kila upande) na kimbi (shimo linalopakana nacho): ukila kete hapo, lazima uanze kusambaza kutoka kichwa cha upande uleule, huchagui. Kosa la wazee ni kumwachia mtoto ashinde. Mtoto anajua, na anavunjika moyo zaidi kuliko akifungwa. Afadhali katikati ya mchezo mgeuze ubao, mtoto ashike upande mzuri wa mzee, mzee ahangaike na ule mbovu.

Sasa pesa. Isiingie mkononi mwa mtoto hata ya kununulia barafu. Kashata na maji ya barazani hayana neno. Sare, madaftari au baiskeli vipitie kwa mzazi. Simu ikataliwe kabisa, maana hufungua mazungumzo usiyoyaona. Mtoto naye asiende mikono mitupu kila siku: embe mbili, au amsomee mzee gazeti ikiwa macho yamechoka. Atasaidia na ujumbe wa simu pia, lakini namba ya siri ya pesa za simu asiijue. Siku salio likipungua, wa kwanza kutazamwa ni yeye, hata kama ni makato ya kawaida.

Baada ya miezi michache ndoto itatoka: tupande miti shule nzima! Wazee wenye uwezo hupenda kumaliza jambo kwa mkupuo, wakanunua miche 200. Ikifika kiangazi cha Januari na Februari, mingi imekauka, maana hakuna aliyepangwa kumwagilia. Mzee amwombe mtoto nusu ukurasa wa daftari: kitu gani, bei gani, nani atatunza. Asipoeleweka amrudishie, kukataliwa kwa sababu nzuri ni somo lenye faida kuliko miche 200.

Anzeni na miembe 5. Mashimo yawe sm 60 kila upande, umbali wa m 10. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, kisha urudishe shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Pandeni masika yanapoanza, Machi. Mzee alipie miche na uzio wa kuzuia mbuzi, pesa zipokelewe na mwalimu kwa risiti. Mtoto na wenzake wamwagilie lita 10 kila mche, mara mbili kwa wiki mvua zikikatika.

Watoto wa mzee walio mbali wajulishwe mapema, na mzee mwenyewe, kwa simu. Wakisikia kwa jirani watadhani kuna mtu anawinda mirathi. Neno "shamba lile nitakuachia" lisisemwe mbele ya mtoto. Kama mzee amekusudia kweli, aandike wasia mbele ya mashahidi, kwa msaada wa wakili au kadhi. Kwa Mwislamu, wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi ya kinachobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, ila warithi wakiridhia. Na mzee akilazwa, omba kwanza ruhusa ya familia, umpeleke mtoto mwenyewe, mkae dakika 20. Ubao wa bao chukueni: hata akishindwa kukaa, atataja shimo na mtoto atamchezea kete zake.