Watu wanne, hema mbili, usiku mmoja Dartmoor

Kilele cha juu kabisa cha Dartmoor, High Willhays, kina mita 621 tu, na nimeona watu wazima wakirudi kutoka huko wakitetemeka midomo. Nyika hii ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, haimshindi mtu kwa urefu. Humshinda kwa maji. Juu kuna mvua, ambayo upande wa Princetown hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Chini kuna mboji nyeusi iliyolowa, inayoficha kinamasi chini ya majani yanayopendeza. Na katikati kuna ukungu: unainama kufunga kamba za kiatu, ukiinua uso lile jiwe ulilokuwa unalilenga halipo.

Sisi huenda wanne. Mwongozo wa hifadhi ya taifa ya Dartmoor unataka kundi lisizidi watu sita, lakini wanne ndiyo hesabu ninayoiamini. Mmoja akiumia, mwenzake anabaki naye, wawili wanafuata msaada, na hakuna anayetembea peke yake.

Kabla ya kufungasha, hakikisheni mnaruhusiwa kulala mnapotaka kulala. Katika England yote, Dartmoor ndiko watu walikobaki na haki ya kisheria ya kupiga hema nyikani bila kumwomba mwenye ardhi. Haki hiyo inatokana na sheria ya 1985. Ilipingwa mahakamani, ikapotea Januari 2023, ikarudishwa na mahakama ya rufaa Julai mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Naitunza kama kitu kilichokaribia kuniponyoka mkononi, ndiyo maana nakuwa mkali kuhusu masharti yake. Haihusu nyika nzima: mamlaka ya hifadhi ina ramani inayoonyesha maeneo yanayoruhusiwa, itazameni kila safari. Kaeni angalau mita 100 kutoka barabarani, msizidishe usiku mbili mahali pamoja, beba hema ndogo inayoingia mgongoni, na moto wa kuni msiwashe kabisa. Mboji yenyewe huwaka. Moto unaweza kutambaa chini ya ardhi wakati juu unaona umezima.

Jambo la pili ni jeshi. Sehemu kubwa ya kaskazini, pamoja na High Willhays penyewe, iko ndani ya viwanja vya mazoezi ya risasi: Okehampton, Willsworthy na Merrivale. Ratiba hutangazwa mapema. Siku ya kufyatua, bendera nyekundu hupandishwa vilimani, na usiku huwashwa taa nyekundu. Mpaka una nguzo za rangi nyekundu na nyeupe. Bendera ikiwa juu, hamuingii, hata kama hamsikii mlio wowote. Na kipande cha chuma mkikikuta kwenye nyasi, kiacheni palepale.

Sasa safari. Kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, huhesabiwa siku hizi hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hapa iongezeni nusu nzima. Kaskazini mwa Dartmoor nyasi huota kwa mashungi, vichuguu laini vinavyofika gotini, na mguu hukanyaga juu yake au kati yake lakini haukanyagi sawa mara mbili mfululizo. Kilomita 12 kwa siku, na mzigo mgongoni, zinatosha. Mwendo tunaupima kwa yule wa taratibu kuliko wote, naye ndiye anayetangulia. Akiwekwa nyuma, kila mara anawafikia wenzake wakiwa wameshapumzika na wananyanyuka, kwa hiyo yeye hapumziki kamwe. Akitangulia, kundi linabaki moja.

Hili nalisisitiza kwa sababu liliwahi kutupata. Tulikuwa tunatoka Cranmere Pool, lile bonde la mboji ambako mwaka 1854 mwongozaji James Perrott aliacha chupa ili wageni watie kadi zao. Wenzetu wawili wenye miguu mirefu walitangulia kidogo, ukungu ukashuka kati yetu. Tulipigiana kelele, lakini ukungu huzungusha sauti, na kila upande ukaenda unakodhani mwenzake yuko. Filimbi ndizo zilizotuokoa, na ilituchukua dakika arubaini. Tulipokutana tuligundua hatukuwahi kuachana kwa zaidi ya mita mia mbili. Mmoja wao alikuwa amelowa hadi kiunoni. Tangu siku hiyo, ukungu ukigusa ardhi tunasimama wote, tunavaa nguo za kukinga mvua kabla baridi haijaingia, na tunatembea kwa umbali wa kugusana mkoba.

Katika ukungu huo simu ni msaidizi, ramani na dira ndiyo kazi yenyewe. Ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000, ndani ya mfuko usiopitisha maji, ining'inie shingoni. Mmoja anashika dira, mwingine anahesabu hatua. Mimi, mguu wa kushoto ukigusa chini mara 64 kwenye njia nzuri, nimemaliza mita 100; kwenye mashungi inafika 80. Pimeni zenu nyumbani kabla ya kwenda. Msilenge kitu cha mbali. Lengeni ukuta wa mawe au kijito kinachokata njia yenu, kitu ambacho hamwezi kukipita bila kukigundua.

Kuisoma ardhi ni elimu ya miguu, lakini macho yanaweza kuanza. Majani ya kijani kilichokolea mno, laini kama zulia, yaogopeni: ni kuvumwani linaloelea juu ya maji. Mahali penye vishungi vyeupe kama pamba, chini pamelowa. Ndago ndefu zikisimama kwa safu, kuna mkondo. Palipo na kangaga, ardhi kwa kawaida ni kavu, nzuri kupitia, ila ndipo kupe wanapokaa. Jioni tunakaguana nyuma ya magoti, kwapani na mstari wa nywele. Kupe ang'olewe kwa kibano, umemshika karibu kabisa na ngozi, kwa kumvuta taratibu bila kumminya tumbo. Duara jekundu likitanda siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa nyikani.

Mito inahitaji uamuzi wa mapema. Taw, Tavy, East Dart na West Okement huanzia kwenye mboji ileile ya kaskazini, na mvua kubwa ikinyesha hujaa kwa haraka ya kutisha. Kama njia ya kesho ina kivuko na utabiri unasema mvua usiku, vukeni leo mkalale ng'ambo. Mto ukiwa umejaa, msijaribu. Zungukeni hadi darajani hata kama ni mwendo wa saa mbili.

Mahali pa kulala tunaanza kupatafuta saa mbili kabla ya giza. Natafuta nyasi fupi zilizolishwa na kondoo, juu kidogo ya bonde, nyuma ya mawe makubwa ya itale yanayovunja upepo. Chini kabisa bondeni hewa baridi hutuama na hema huamka limelowa ndani. Kileleni upepo hung'oa vigingi. Kabla ya kupiga hema, lala chini chali dakika nzima. Ukisikia unyevu mgongoni kupitia koti, hama. Mgongo mwembamba wa hema, sio mlango, uuelekeze kwenye upepo.

Nguo za kulalia zina mfuko wake usiopitisha maji na hazivaliwi mchana, hata mtu akilia. Hiyo ndiyo sheria yetu kali kuliko zote. Godoro la kukunja ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwani ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Maji tunayachota kwenye kijito kinachotiririka, baada ya mtu mmoja kupanda mita kama mia kuangalia kama hakuna kondoo aliyefia juu, kisha tunayachemsha vizuri. Jiko la gesi hukaa juu ya jiwe tambarare, nje ya hema. Kupika ndani ya hema lililofungwa kunaweza kuua kwa hewa yenye sumu msiyoinusa.

Choo ni shimo la sentimita 15, mbali na maji kwa mita 30 au zaidi, na karatasi zinarudi nyumbani kwenye mfuko uliofungwa. Farasi wadogo wa nyika wakija kunusa hema, msiwalishe. Wakizoea, huwafuata watu hadi barabarani, wakagongwa.

Kila mmoja awe na filimbi na tochi ya kichwani. Ishara ya hatari ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha dakika ya kimya, kisha mnarudia. Simu ikishika, pigeni 999, namba ya dharura ya Uingereza, ombeni polisi, halafu waokoaji wa milimani, mkiwa tayari na namba za gridi kutoka kwenye ramani, zinazoonyesha mlipo. Simu izimwe na ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza betri. Na kuna mtu nyumbani aliyeandikiwa njia yetu na saa ya mwisho ya kumpigia.

Asubuhi tunafunga mapema, ukungu ukiwa bado bondeni. Hema likishaingia mkobani, wanne tunasimama kwa mstari na kupita taratibu juu ya mahali tulipolala, macho chini, tukitafuta kigingi, kijipande cha plastiki, punje ya chakula. Kisha tunazikung'uta nyasi zilizolala kwa viganja ili zisimame.