Gereji na njia ya gari kwenye udongo mweusi

Mwaka huu nimemsaidia dada yangu mkubwa kukarabati nyumba yake Utawala, Nairobi. Jiko, vigae na rangi havikutusumbua sana. Kilichokula muda ni gereji ya gari moja na njia ya mita 10 kutoka getini. Mimi ni fundi wa mjengo, na haya ninayoandika yanahusu udongo mweusi wa Utawala, Ruai na Embakasi. Kama uko Loresho au Kabete kwenye udongo mwekundu, kazi yako ni nyepesi zaidi, lakini sehemu ya maji usiiruke.

Hatua ya 1: Mchoro. Upeleke kaunti uidhinishwe kabla jembe halijagusa ardhi.

Hatua ya 2: Vipimo. Pima gari likiwa na milango wazi. Upana wa ndani wa mita 3 unabana, heri 3.3. Urefu mita 6.

Hatua ya 3: Kuchimba na kutoa maji. Hapa tulia, usome mara mbili.

Udongo mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Kwa hivyo lazima uondoe sehemu yake, ujaze kitu kisichocheza. Sisi tulichimba sentimita 60 kutoka pale uso wa kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika njiani, ungefika. Fundi kijana tuliyekuwa naye alimwambia dada, "Mama, mkichimba hivyo pesa itaishia shimoni." Namwelewa, maana njia ya mita 10 kwa 3.5 inatoa mita za ujazo 21 za udongo, na ukishafumuliwa unaongezeka. Agiza lori mapema. Usikubali udongo huo urudishwe kando ya msingi.

Lakini kuchimba peke yake hakutoshi, na hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka minne iliyopita, Embakasi, nilichimba vizuri, nikajaza mawe, nikapanga kabro, mwenye nyumba akaridhika. Masika ya Aprili yakaja. Mwezi haukuisha kabla tairi hazijachora mifereji miwili. Nilipofumua, nilikuta maji yamesimama katikati ya mawe, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Kabro hupitisha maji kwenye viungo vyake, na udongo mweusi chini hauyapitishi, kwa hivyo shimo langu lilikuwa limegeuka karai. Nilirudia kazi yote kwa pesa yangu, siku tisa.

Tangu hapo sijazi shimo lolote kabla ya kujua maji yatatokea wapi. Fanya hivi:

Sakafu ya shimo iteremke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka gereji kwenda getini. Kwa mita 10 hiyo ni sentimita 20. Kupima usawa, tumia mpira unaoonyesha ndani uliojazwa maji, si pimamaji. Pimamaji ya futi 4 ukiihamisha mara nane, kila kosa dogo linajumlishwa, na mpira haudanganyi kamwe ukishatoa mapovu.

Pembeni mwa sakafu laza bomba la inchi 4 lililotobolewa, ulifunge kwa kitambaa cha kuchuja ili matope yasiingie, kisha lipite chini ya geti hadi mtaro wa barabara. Kwanza pima kina cha mtaro huo. Wa dada yangu ni mita moja, tukapona. Kama mtaro wako ni wa juu kuliko sakafu ya shimo, maji yatarudi kwako. Hapo usichimbe sana, inua njia yenyewe. Na kama barabara imemwagwa maramu (udongo wa changarawe) mpaka ikawa juu kuliko kiwanja chako, weka mfereji wenye wavu wa chuma unaokatiza geti lote. Mtaro wa barabara usiuzibe, weka kalvati, yaani bomba kubwa la kupitisha maji, chini ya njia ya kuingilia getini.

Kabla ya kujaza, laza mabomba mawili matupu kukatiza njia. Siku ukitaka waya wa taa au maji ng'ambo ya pili, hutafumua chochote.

Kisha mawe sentimita 30 kwa matabaka mawili, na maramu 20 kwa matabaka mawili, kila tabaka likishindiliwa kwa kompakta. Kodisha mashine. Gogo la mkono halishindilii, linapapasa tu juu.

Hatua ya 4: Gereji yenyewe. Msingi na ukuta wa mawe ya Ndarugu fundi wako anaujua. Nasisitiza mawili. Usifunge ukuta mpya na wa nyumba, acha mwanya wa sentimita 2, kwa sababu nyumba imeshatulia na gereji bado itashuka. Na maji ya paa yaingie kwenye tangi, yasimwagike kando ya msingi. Sakafu: nailoni ya kuzuia unyevu, wavu wa chuma wa BRC, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), umwagilie maji siku saba.

Hatua ya 5: Kabro. Kwenye udongo huu sishauri zege njiani. Likipasuka limepasuka, ilhali kabro unaifumua, unarekebisha chini, unairudisha ileile. Chukua ya milimita 60. Ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita ya mraba, hivyo hapa tulihitaji 1,750 na za akiba. Jenga kingo kwanza, mwaga vumbi la kwari (unga wa mawe ya machimbo) sentimita 4, panga, shindilia, fagilia mchanga viungoni, shindilia tena.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli ukaangalie mdomo wa bomba kule mtaroni. Maji yanapaswa kuendelea kutiririka hata baada ya mvua kukatika. Yasipotoka, fumua kabro za karibu na geti siku hiyohiyo utafute palipoziba, na gari lilale nje.