Kufundisha sande skuli ukiwa na watoto wadogo

Mama mwenye kichanga na mwingine wa miaka mitatu, usijidanganye eti utaandaa somo Jumamosi usiku, saa hizo umechoka na mdogo ndo anaanza kulia. Soma kifungu Jumatatu, kifupi tu, mfano Luka 19:1-10 habari ya Zakayo aliyepanda mti wa mkuyu ili amwone Yesu, alafu wiki nzima wasimulie wanao wakati unawaogesha au unamenya viazi, hao ndo darasa lako la kwanza, ukiona mkubwa kaanza kugonga sufuria na Zakayo hata mkuyu hajapanda ujue umeongea sana, kata. Vifaa usinunue bana, boksi la sabuni ukilichana unapata mti mzuri tu wa kubandika ukutani. Nguo na nepi panga mapema.

Jumapili kichanga mbebe mgongoni na kanga, ila akitaka kunyonya lazima kuwe na mtu wa kuendeleza nyimbo, kwahiyo usikubali kabisa kufundisha peke yako, mwambie mchungaji mpangwe wawili wawili kwa zamu. Semina za walimu za kulala huko huko? Mie naona kama mtoto hajaacha ziwa kataa tu, zitakuja nyingine.